Filamu ya Ishirini

Asubuhi hiyo alikuwa amekwisha kufa mara tatu, na chai alikuwa bado hajaletewa.

Kwanza alikufa kama mlinzi wa benki, kisha kama mwizi wa ng'ombe, kisha kama farasi. Farasi ndiye aliyemchosha. Akazima kipaza sauti, akawasha feni, akajifuta jasho kwa upindo wa gauni. Feni ikiwaka hawezi kurekodi, maana inanguruma. Ikizimwa, chumba kinakuwa tanuri. Dirisha lilizibwa kwa trei za mayai ili kelele za mtaani zisiingie, kuta zilivikwa magodoro, na mlango wa chuma ulikuwa na kufuli. Kufuli lenyewe lilikuwa upande wa nje.

Mbele ya chumba hicho mjomba wake alikuwa na duka. Aliuza filamu kuukuu za kaboi, ishirini ndani ya diski moja, kwa bei ya kutupa. Hata kwa bei hiyo zilikuwa zinaota vumbi, kwa sababu watu hawakuelewa maneno. Ndipo alipomchukua binti wa dada yake aje azitie Kiswahili.

Binti naye hakuelewa hata neno. Shule aliiachia darasa la tano. Alitazama tu nyuso, akatunga: huyu anadai ng'ombe wake, huyu ni shemeji mnafiki, huyu mwenye kofia nyeupe ndiye steringi, na steringi hafi. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Diski zikawa zinagombaniwa. Wiki hiyo hiyo mjomba akanunua kufuli.

Sasa aliingia na kikombe cha chai, ufunguo ukining'inia shingoni.

“Umefika wapi, mpwa wangu?”

“Ya kumi na tisa.” Akameza mate. “Mjomba, nataka kwenda kwa mama.”

“Kwa mama? Wewe mtu akikusalimia unamjibu huku unaangalia kidole gumba cha mguu. Huko njiani si watakumeza bila maji?”

“Nitakwenda na kurudi.”

“Mama yako nimeongea naye jana. Nimemwambia umenenepa, amefurahi sana. Unataka ukamwonyeshe hiyo mifupa?” Akaweka kikombe juu ya rundo la majalada. “Halafu yule jambazi mwenye chongo mwongeze besi. Wateja wanampenda.”

Kufuli likalia nje.

Aliwahi kupiga kelele, siku za mwanzo. Magodoro yakazimeza kelele zote. Kazi yao ndiyo hiyo. Na kweli alikuwa mwoga wa watu. Maneno ya majambazi yalimtoka kama maji ya bomba, lakini yake mwenyewe yalimkwama kooni kama mfupa wa samaki.

Akaweka filamu ya ishirini. Katikati yake kulikuwa na mwanamke aliyefungwa kamba ndani ya banda la farasi, kitambaa mdomoni. Kamera ilimtazama muda mrefu. Alikuwa anaguna tu, hana la kutafsiriwa.

Binti akamtazama. Mjomba hukagua mwanzo wa diski, akisikia bunduki ya kwanza anaridhika. Ya ishirini hajawahi kuifikia.

Akazima feni.

“Jamani, mnaonisikia,” alisema, na safari hii hakuigiza sauti ya mtu. “Nimefungiwa. Niko nyuma ya duka la diski, mkabala na kinyozi, mlango wa chuma, wa kijani. Mjomba wangu ndiye mwenye ufunguo, anauvaa shingoni. Mama yangu hajui. Siigizi. Njooni mnitoe.”

Akalia kidogo, kilio kikaingia kwenye rekodi. Hakukifuta.

Diski ikaenda sokoni. Kila siku alibandika sikio kwenye mlango, akingoja. Alijua watu wengi husinzia kabla ya filamu ya tano. Lakini mtu mmoja tu asiyepata usingizi alimtosha. Akarekodi diski nyingine, akafa, akafufuka, akafa tena.

Alasiri moja sakafu ya duka ilitetemeka kwa miguu ya watu. Sauti zikasogea. Kufuli likafunguliwa, na mlangoni akasimama mjomba, uso umemlowa jasho. Nyuma yake alikuwepo askari mwenye sare, nyuma ya askari kinyozi na kitambaa chake begani, kisha wanawake na wanaume wamejaa mpaka dukani.

“Ndiye huyu?” askari aliuliza.

“Ndiye,” mjomba alijibu kwa sauti ndogo.

Askari akavua kofia. Akapitisha kiganja kwenye mlango. “Wa kijani kweli,” alisema.

“Na ufunguo anao shingoni, mtazameni,” alisema mama mmoja, akamnyooshea mjomba kidole. “Baba mzima.”

Mjomba akaufunika ufunguo kwa mkono.

“Dada,” askari alisema taratibu, “tulikuwa kituoni tunaangalia hiyo filamu yako ya ishirini, wote tukanyamaza. Mke wangu nilipomsikilizisha hakula. Tukasema hapana, lazima tufike hapa wenyewe.”

Binti alitazama nyuso zile zote. Macho ya mama yule yalikuwa yamelowa. Akainamisha macho kama kawaida yake. Akakaza miguu, akainua macho kutoka sakafuni, na kwa mara ya kwanza maneno yake mwenyewe yakatoka mbele ya watu.

“Nitoeni.”

Umati mzima ukapiga makofi.

“Sauti ndiyo ile ile,” askari akawaambia wenzake, akitabasamu. Akamgeukia mjomba. “Haya mzee, sehemu ya pili inatoka lini?”