Usivuke Shafti Ikizunguka

Ilibidi koti la marehemu likatwe kwa msumeno wa chuma ndipo likaiachia shafti ya mashine, chuma kinachozungushwa na injini ya trekta. Lilikuwa limejisokota pale pamoja na mkono, mbavu na mengine ambayo mkaguzi wa usalama kazini aliyatazama mara moja tu, akageuza uso. Damu ilikuwa imeruka mpaka kwenye usukani wa trekta.

Kazi yake ilikuwa kuandika nani mwenye kosa. Mashine hiyo ya kutoboa mashimo ya nguzo iliandikishwa kwa jina la mke wa marehemu, na mwenye mashine iliyotunzwa ovyo, ikiua mtu, huishia jela.

Basi akaikagua kwa hasira, akitafuta uzembe. Hakuupata. Grisi ilikuwa mpya, nati zote zimekazwa, meno ya keekee yamenolewa. Kilichokosekana ni kifuniko cha shafti tu.

"Bosi alikitupa mwenyewe kichakani," dereva wa trekta alisema. "Mama, mkewe, alimwambia asikifungue. Siku hiyohiyo akakifungua."

Kisha akamweleza yote. Mama alikwenda kusomea kanuni za mashine, akarudi nazo kwenye karatasi. Kila asubuhi alisimama mbele ya vibarua akamsomea mumewe: usivae nguo pana, usifungue kifuniko, usivuke shafti ikizunguka. Kila asubuhi alilambwa makofi. Jino lake la mbele liling'oka kwa kanuni ya pili. Marehemu alikuwa na kichwa kigumu, hakuwa mtu wa kuambiwa kitu na mkewe, tena mbele za watu. Hata nyumba yao ni ya bluu kwa sababu mama alimsihi, mafundi rangi wakisikia, asiipake bluu. Vibarua walicheka mwaka mzima.

"Na leo ilikuwaje?"

"Leo alikuja na koti refu, jua lote hili. Mama akamshika mkono, akamwambia, baba watoto, nakuomba usivuke shafti. Akampiga ngumi ya mdomo mpaka chini. Akatuangalia sisi sote, akainua mguu. Kabla sijazima injini, ilikuwa imekwisha."

Mkaguzi alikuwa na dada aliyeolewa na mtu wa namna hiyo, na hakuwahi kumsaidia. Akaandika bila kusita: ajali, marehemu alionywa mara nyingi, mashahidi kumi na mmoja. Akatia sahihi na muhuri, kisha akaenda kumsomea mjane mwenyewe ili aondokane na hofu ya jela.

Alimkuta ameketi nje ya nyumba, mdomo umevimba, ile karatasi ya kanuni imekunjwa vizuri mapajani. Alisikiliza mpaka neno la mwisho, akashukuru kwa sauti ndogo. Mkaguzi alimwonea huruma. Alitafuta neno la faraja la kuagia, akaliona kwenye ukuta wa bluu.

"Pole sana, mama. Angalau sasa hata nyumba unaweza kuipaka rangi unayoitaka wewe."

Mjane aligeuka, akaupitishia ukuta kiganja taratibu.

"Ya nini niibadilishe?" alisema. "Bluu ndiyo niliyoitaka."