Nati ya Gari la Mwalimu Mkuu

"Ngo, ngo," alisema Mwalimu Mkuu, akigonga meza ya gereji kwa kidole. "Mbele, kushoto. Mlio umerudi tena."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Hii ilikuwa mara ya tatu. Alikuwa bado kwenye majaribio, na bosi wake alikwishamwambia bila kupepesa macho: gari hilo likirudi tena na mlio wake, yeye kazini asirudi.

Akalipandisha jeki. Akashika tairi juu na chini, akalitikisa: boljointi, kiungo cha gurudumu, ni nzima. Akalishika kushoto na kulia: tairodi ya usukani haichezi. Akachomeka mtaimbo kwenye bushi za mpira, akasukuma, bushi hazikutikisika. Kisha akamulika tochi kwenye linki ya stabilaiza, kile chuma kinachozuia gari lisiyumbe, na hapo akamwona mbaya wake. Nati ileile aliyoikaza juzi kwa nguvu zake zote ilikuwa imelegea, na pembe zake zilikuwa na mikwaruzo mipya ya spana.

"Mwalimu, nyumbani kuna mtu anayejua kushika spana?"

Mwalimu Mkuu alicheka, jambo ambalo wanafunzi wake wasingeliamini. "Kwangu? Mume wangu huita fundi hata balbu ikiungua. Mama mkwe ni mtu wa maua yake. Watoto ni vitabu tu. Nikifika jioni namkuta kila mtu kwenye kazi yake." Akasita. "Isipokuwa ile siku ya kwanza uliyolitengeneza. Nilimkuta mume wangu juu ya kochi anaimba, kijiko mkononi, mama mkwe anampigia makofi. Lakini nani hana siku yake mbaya?"

Fundi akaiacha nati vilevile, akabeba mkoba wake wa vifaa, akaomba waende pamoja hadi nyumbani, asikilize njiani.

Barabara ilikuwa laini na gari lilikwenda kimya. Walipovuka tuta la kona, karibu kabisa na geti, likagonga: ngo, ngo. Pazia la sebuleni likatikisika. Ndani mlango ukabamizwa, kitu kikaanguka, mtu akacheka, akanyamazishwa.

Walipoingia, nyumba ilikuwa imetulia tuli. Mume alikuwa anapiga pasi huku jasho likimtiririka, na waya wa pasi haukuchomekwa popote. Binti alikuwa amezama kwenye kitabu alichokishika juu chini. Fundi akapitisha mkono nyuma ya televisheni iliyozimwa. Palikuwa pa moto. Kicheko kikampanda hadi kooni, akakimeza.

"Umeona nidhamu?" Mwalimu Mkuu alimnong'oneza kwa fahari.

"Nimeona, Mwalimu."

Akatoka uani, akajilaza chini ya gari. Safari hii alifunga nati mpya na kuipaka gundi ya chuma, kiasi kwamba hata yeye mwenyewe angeitoa kwa shida. Familia nzima ilisimama mlangoni ikimtazama kama watu waliofiwa.

"Halitagonga tena," akasema, akijifuta mikono. Mume akashusha pumzi ndefu, akajishika kiuno. Binti akakaribia kulia.

"Ila nati hii ina masharti yake, Mwalimu. Kila ukifika lile tuta la kona, simama kwanza. Piga honi mara mbili, subiri kidogo, ndipo uvuke. Ukiruka hata siku moja, usinilaumu."

Mwalimu Mkuu, ambaye maisha yake yote aliishi kwa masharti, akaitikia kwa kichwa na kuyarudia maneno hayo polepole asije akayasahau.

Mama mkwe akaweka chini kopo lake la kumwagilia maua, akaja kumshika fundi kwa mikono yote miwili. "Mungu akuzidishie, mwanangu," akasema, na kucha zake zote kumi zilikuwa nyeusi tii kwa grisi.