Reli ya Chumba cha Wakesho

Chumba kikikaa nusu saa bila kitu kutembea ndani yake, sheria hukihesabu kuwa kitupu, na kabla ya jioni hupewa mtu aliye kwenye foleni ya makazi. Kamera ya darini haisinzii.

Kwa hiyo Mwakio, stesheni masta mstaafu wa Voi, alijenga reli ndogo katika chumba cha binti yake, Wakesho, anayesoma ng'ambo. Milima ya Taita aliifinyanga kwa magazeti na gundi ya unga. Treni ikazunguka mchana na usiku, na kila mlo aliukatiza akimbilie kubadilisha betri.

Jumapili Wakesho akapiga simu: anarudi Ijumaa.

Mkewe Mwakio, Mghoi, akaja mbio na shuka safi, akakumbana na kibao cha wakaguzi wa makazi mlangoni: "Chumba cha reli. Hairuhusiwi mtu kulala."

"Baba Wakesho, izime basi hiyo treni."

"Nikiizima, foleni inaingia. Na mwanao hayumo kwenye foleni."

Mwakio akapiga magoti, akajipenyeza chini ya meza ya reli, akanyoosha miguu. Treni ikapita juu ya uso wake. Kamera ilikuwa ikiitazama treni tu.

"Atatoshea hapa," alisema. "Mwambie tu asikohoe."