Jezi kwenye Seng'enge

Katika timu ile ya raga ya watu kumi na watatu, aliyechoka kucheza haagi. Huifua jezi yake, akaitundika kwenye seng'enge ya kocha, akaenda zake. Zamani, kabla jezi haijakauka, kijana mwingine alikuwa keshaiomba. Mwaka huu zilikauka hadi zikapauka, na hakuna aliyebisha hodi.

Jumamosi asubuhi Kocha Shiundu alitoka na mpira kwapani, akaikuta ya kumi na mbili inadondosha maji.

"Tumebaki wawili, Mama Sitati," alimwambia mkewe. "Mimi na Sitati. Mwanangu hawezi kunitupa."

Mkewe alikaza macho kwenye mboga alizokuwa akichambua.

"Mwite basi, twende mazoezini."

"Baba Sitati, hebu keti kwanza unywe chai."

Ndipo aliposikia maji yakimiminwa kwenye beseni nyuma ya nyumba, na nguo ikisuguliwa taratibu. Sitati, tangu azaliwe, hajapata kufua hata soksi.

Shiundu aliukumbatia mpira, akaitazama seng'enge. Ilikuwa imebaki nafasi ya jezi moja.