Sanduku la Philomena

Shule moja ndogo ya bweni ya Kianglikana, jijini Toronto, ilishika desturi ya waanzilishi wake: kila msichana mpya hupandisha sanduku lake mwenyewe hadi bwenini. Ngazi za mbao zilijaa makovu ya masanduku yaliyoburutwa.

Philomena alivuta lake. Likagoma.

"Usije ukabeba kichwani," mama alikuwa amemwonya kwenye basi kutoka mtaani kwao, Flemingdon Park. "Huku si Masasi kwa bibi yako."

Wasichana wenyeji wa bweni walimtazama kutoka juu ya ngazi. Akavua skafu ya shule, akaisokota ikawa kata, akaiweka utosini. Akachuchumaa, akajitwika, akainuka.

Mlangoni, mama aliziba mdomo kwa kiganja. Kisha akakishusha.

"Nyoosha shingo, mwanangu," akasema, wote wakisikia.