Kitunguu cha Kaburini

Kitunguu kilidondoka kabla katekista hajafunga sala. Kilikuwa chekundu, kidogo, kimemenywa nusu. Kilibingirika juu ya udongo mbichi, kikasimama ukingoni mwa kaburi la Silvester Kalinga, na kila mtu akakiona.

Macho yote yakamgeukia mjane.

Angekuwa nani mwingine? Verediana alijulikana Kilolo nzima: mwanamke asiye na machozi. Baba mkwe wake alipozikwa, mwaka wa hamsini na nne, wenzake walilowa vifua; yeye sauti ilitoka, macho makavu kau. Tangu siku ile wifi yake Paskalina hakumwacha apumue. "Moyo wa mawe huo," alisema. "Tena wachawi ndio hawatoi machozi, hamjui?"

Ukweli aliujua marehemu mumewe, na dresa wa zahanati ya misheni, basi. Dresa Bartholomeo alimgeuza ukope wa juu kwa njiti ya kiberiti, akatazama, akaguna.

"Vikope hivi. Vilikuanza utotoni, vikaacha makovu huku ndani. Jicho la mtu, dada, limevaa maji membamba. Kila ukipepesa, ukope unayapaka upya. Yako yamebaki kidogo mno. Ndiyo maana unasikia mchanga, na nywele za kope zimegeukia ndani zinakuchoma."

"Na kulia je?"

"Utalia kwa mdomo." Kisha akashusha sauti. "Usijione uko peke yako. Wapo akina mama wa heshima zao hapa hapa kijijini, wanaingia kwa mlango wa nyuma niwang'olee hizo nywele."

Hakumwuliza ni akina nani. Vikope vilikuwa aibu. Watu walisema ni ugonjwa wa nyumba chafu, wa mtoto aliyeachiwa nzi usoni. Kutangaza kwamba anavyo ni kumtukana mama aliyemzaa. Afadhali waseme moyo wa mawe.

Sasa kichomi kilikuwa kimemchukua Silvester, na Paskalina alishatangaza mbele ya ukoo: "Asipomlia kaka yangu, apande lori arudi kwao. Mtoto atabaki." Wazee hawakupinga. Mwenye neno la mwisho alikuwa mama mkwe, Apolonia, mwanamke ambaye uwanja wake ulifagiwa kabla jogoo hajawika. Naye aligeukia ukutani tu, akajifuta uso kwa upindo wa kaniki, akipepesa macho. Verediana alijua amechukiwa.

Asubuhi ya mazishi alijipenyeza jikoni. Kikapu cha vitunguu vya Ruaha, alivyovileta marehemu mwenyewe, kilikuwa nyuma ya mafiga. Moto haukuwa umewashwa bado, lakini maganda mabichi yalikuwa yametapakaa chini. Hakuyawazia. Alichukua kimoja, akakimenya upande, akakifunga fundo kwenye kaniki yake kiunoni. Machozi yasingetoka, alijua. Ila macho yangekuwa mekundu, na wekundu nao ni ushahidi. Mume wangu yuko kwenye jeneza, na mimi naiba kitunguu! Alijichukia.

Kaburini walisimama bega kwa bega, mke na mama. Apolonia alilia kilio cha kutisha, "Yuuwi, mwanangu! Nani atanizika mimi?", uso wote ameuficha kwenye kaniki. Harufu ya kitunguu ilikuwa kali. Verediana alijisogeza kando ili mama mkwe asiinuse. Kisha wakainama pamoja kutupa udongo, na hapo ndipo kilipodondoka.

"Haa! Jamani oneni!" Paskalina alipiga makofi. "Machozi ya sokoni! Kaka yangu analiliwa kwa kiungo cha mchuzi!"

Kicheko kikamponyoka mtu huko nyuma, akakimeza. Verediana alitamani shimo lile limchukue na yeye. Uso ulimwaka moto. Mkono wake ulikwenda kiunoni, ukapapasa, ukatulia. Akamtazama mama mkwe. Apolonia alikuwa anatetemeka mwili mzima, mdomo wazi, hana sauti tena.

"Changu," Verediana akasema. Akainama, akakiokota mbele za watu. "Ni changu. Mnisamehe."

"Mmesikia kwa mdomo wake!" Paskalina akadakia. "Lori lipo kesho. Akafungashe."

"Nyamaza!"

Ilikuwa sauti ya Apolonia, imekwaruza. "Huyu haendi popote. Yeye na mtoto watakaa kwangu mpaka nife. Na atakayemtajia kitunguu tena, ajue amenitajia mimi."

Watu walitazamana. Wakasema mama wa watu ana huruma ya ajabu, aibu kubwa namna ile na bado amemfunika mkwe wake. Kweli uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Wakati wa kurudi, wenzao wakiwa wametangulia, Verediana alifungua fundo la kaniki yake. Kitunguu chake kilikuwa mle ndani, hakijatoka. Kile cha kaburini akamrudishia mama mkwe kiganjani.