Panya wa Kumi na Nne

Sindano alitandika kitambaa chenye mkojo wa paka kwenye pembe ya sanduku, kisha akafungua kilango.

Panya namba kumi na nne alitokeza pua. Kisha masharubu. Akapiga hatua tatu kuelekea kwenye kitambaa.

"Rudi," Sindano alinong'ona. "Rudi, baba, nakuomba."

Mzee wa Vizimba, aliyewalisha panya wa maabara ile kwa miaka ishirini, alimtupia jicho la pembeni. "Leo unaongea nao? Hiyo kazi yangu."

Sindano hakumwondolea panya macho. Jina hilo la Sindano alipewa na wenzake kwa wepesi wa mkono. Hakuna aliyejua kudunga panya kama yeye. Wiki saba nyuma aliwadunga arobaini kwa asubuhi moja. Nusu walipata kimelea, nusu maji ya chumvi, na hakuna aliyejua yupi kapata nini. Vichupa vilikuwa na namba tu. Orodha yenyewe ilikaa ndani ya bahasha iliyogundishwa, kwenye sefu ya Profesa, isifunguliwe mpaka utafiti uishe.

Kimelea kile ni kidogo, lakini hila zake si ndogo. Mayai yake hutagwa tumboni mwa paka tu. Basi kikiingia kwa panya hupanda mpaka ubongoni, kikamfutia woga, hata panya akajipeleka mwenyewe kwenye meno.

"Vita vya kimelea na panya ni vya tangu na tangu," Profesa alizoea kusema. "Huyu akichonga ufunguo, yule hubadili kitasa."

Asubuhi ile ya kudunga, kumi na nne alifurukuta. Ncha ya bomba la sindano ilipita glavu, ikamzama Sindano kwenye kidole gumba.

Ilimpasa aandike kwenye daftari la ajali. Lakini mkataba wake ulikuwa ukingoni, na mtu wa mkono mwepesi hajidungi. Akaosha kwa sabuni, akanyamaza.

Wiki tano baadaye akajua kwamba siku ile tayari alikuwa na mimba. Ya tatu. Mbili za kwanza hazikufika.

Alimuuliza muuguzi wa kliniki habari za kimelea kile kwa kuzungukazunguka, eti kwa niaba ya rafiki. Muuguzi alikuwa amewasikia marafiki wa aina hiyo wengi. Akamwandikia fomu ya kupima damu.

"Mwambie rafiki yako asikawie. Dawa zikianza mapema, mtoto huokoka. Zikichelewa, anaweza kuzaliwa haoni. Au asizaliwe kabisa."

Kwenye fomu palikuwa na mstari mmoja: *Unadhani uliambukizwa wapi?* Kila alipoufikia, kalamu iligoma. Mwishowe akaamua kwamba panya ndiye atakayesema. Kama kumi na nne hamwogopi tena paka, basi kwenye kile kichupa kulikuwa na kimelea, naye ataungama yote, kazi iende zake. Kama anaogopa, yalikuwa maji ya chumvi.

Sasa masharubu ya panya yaligusa ukingo wa kitambaa.

Akaganda. Manyoya yakamsimama. Kisha akageuka kama aliyeunguzwa, akarudi mbio na kujibana kwenye kona, mbavu zikipanda na kushuka.

"Ukoo wao huo!" Mzee alicheka. "Bibi yake alinaswa kwenye ghala lenye paka kumi, na alikuwa amezeekea humo humo. Mama yake naye, unyasi ukitikisika tu, hayupo. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Lakini usimdharau: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio."

Sindano alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alirudia jaribio mara nne, na mara nne panya alikimbia. Kisha akaenda chooni, akaichana fomu vipande vidogo vidogo, akavuta maji. Akampigia mumewe, ambaye kwa kuogopa kutia nuksi alikuwa hajamwambia mtu yeyote habari ya mimba ile.

"Sasa unaweza kumwambia mama."

Mumewe aliuliza kwanza, "Umepima?"

"Nimepima."

"Kila kitu sawa?"

"Sawa kabisa, mume wangu. Nimeona kwa macho yangu."

Miezi minne ikapita. Tumbo likachomoza, mtoto akaanza kurusha mateke, mkataba ukaongezwa. Siku ya kufungua bahasha walikusanyika wote kwenye chumba cha mikutano, na Mzee wa Vizimba akamsogezea Sindano kiti chenye mto.

"Kiti cha watu wawili," alitania, watu wakacheka.

Profesa alisoma kwa sauti, namba moja baada ya nyingine. "Kumi na mbili, maji ya chumvi: mwoga. Kumi na tatu, kimelea: jasiri."

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena. Akachukua karatasi ya majibu ya damu za panya iliyoletwa asubuhi ile, akailinganisha na orodha, kidole kikifuata mstari polepole.

Aliponyanyua uso, machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Miaka tisa namtafuta panya aliyebadili kitasa," alisema. "Kumi na nne alidungwa kimelea. Kimemjaa tele kwenye damu, na bado anamkimbia paka! Nani alimdunga huyu? Simama, mwanangu, tukupigie makofi."

Makofi yakaanza kabla Sindano hajasimama.